Andika na Andikia: Mkondo wa Towe kama Parameta katika Lugha ya Java

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizopata makao katika Kiswahili, "mkondo" ni mojawapo ya zile zisizohitaji kuombewa radhi. Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, dhana yenyewe huonekana kwa macho: maji huvutwa kwa pampu kutoka visimani, yakasafirishwa kwa mabomba hadi mjini. Pampu haijui tangi litakaloyapokea. Hilo huamuliwa na aliyeunganisha bomba.

Katika Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, mbinu ya kuandika ripoti ya visima hivyo yaweza kutungwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mbinu yenyewe hutaja System.out, yaani mkondo ambao kwa kawaida huishia kwenye skrini. Katika namna ya pili, mbinu hutangaza parameta ya aina ya PrintStream, na mwitaji ndiye anayeamua: leo skrini, kesho faili, kesho kutwa kumbukumbu ya muda inayokaguliwa na jaribio. Mbinu haibadilishwi hata herufi moja.

Tofauti hii yakaribia ile iliyopo baina ya "andika" na "andikia". Kiambishi cha kutendea hufungua nafasi ya yambwa bila kusema nani ataijaza. Hata hivyo, ulinganifu huu una mpaka. "Andikia" huweza kudokeza mtendewa (alimwandikia mama), ala (kalamu ya kuandikia) au mahali (meza ya kuandikia). Mkondo ni upi kati ya hivyo? Kwa kuwa amri hutungwa mkondo.println(...), mkondo wenyewe ndio unaotenda, mbinu huutuma tu. Basi "andika kwa kupitia mkondo" ni maelezo sahihi kuliko "andika mkondoni", umbo ambalo, isitoshe, limekwisha kutwaliwa na mambo ya intaneti.

Tatizo zito zaidi limo katika kitenzi "kupitisha", kinachotumiwa kueleza tendo la kuipa mbinu parameta. Kinachoifikia mbinu ni nakala ya rejeleo, wala si mkondo wenyewe. Mbinu ikiipa parameta yake mkondo mwingine, mwitaji haoni badiliko lolote. Ikiufunga mkondo, mwitaji naye amefungiwa. Mwanafunzi anayeifunga System.out ndani ya mbinu hupata kimya asichokielewa, kwani PrintStream haitoi kilio cha IOException: huweka alama ya hitilafu tu, ambayo sharti iulizwe kwa checkError. "Kupitisha" humfanya adhani kwamba kitu kimehama mikono na mpokeaji ana haki ya kukifunga. "Kuazima" kunafaa zaidi: kitu cha kuazima kikiharibika, mwenyewe huhasirika, na aliyeufungua mkondo ndiye aufunge. Kasoro yake ni kwamba "azima" hutumika kwa mpaji na kwa mpokeaji pia. Kwa upande wa mwitaji, mtunga istilahi atalazimika kuchukua "azimisha".