Cheti cha Unahodha Hakipatikani Ufukweni

Kila meli ya shehena inayotia nanga Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Mombasa imefika salama kwa sababu usiku kucha, kwa zamu, palikuwa na mtu aliyesimama katika chumba cha usukani akiwa macho, hali wenzake wamelala. Mtu huyo ni ofisa wa sitaha. Ndiye asomaye ramani ya bahari na dira, ndiye atazamaye rada, na ndiye ajuaye kwamba chombo kinachokatiza kutoka upande wake wa kulia ni haki yake kupishwa. Wananchi wanaongojea mbolea, ngano na mafuta yaliyomo melini hawamjui kwa jina wala kwa sura. Wanamwamini tu, na msingi wa imani hiyo ni karatasi moja: cheti cha umahiri alichopewa na serikali.

Katika safu hii leo tunataka kulizungumza suala la cheti hicho. Vijana wengi wa pwani yetu wanakitamani, na wazazi hujinyima ili watoto wao wakipate. Lakini ni wachache wanaofahamu jinsi kinavyopatikana, na wachache zaidi wanaofahamu mahali ambapo njia ya kukiendea imekatika.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kupima ujuzi wa waongozaji wa vyombo si jambo tuliloletewa na wageni. Katika Bahari ya Hindi, tangu zama za majahazi, aliyekiongoza chombo kwa nyota na upepo aliitwa kwa Kiarabu muallim, neno lile lile lililotupa sisi neno mwalimu. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, aliwagawa waongozaji katika daraja tatu. Wa chini ni yule ambaye safari moja hufaulu na nyingine hukosea. Wa kati ni yule anayezijua barabara njia alizozipita, lakini akitoka nje ya hizo hana uhakika. Wa juu ni yule ambaye hakuna jambo la bahari linalomtatiza, naye huacha maandishi ya kuwafaa watakaomfuata. Wazee hao hawakuwa na mihuri wala picha za pasipoti, lakini walijua kwamba ujuzi una ngazi, na kwamba ngazi hupandwa kwa safari.

Kwa upande wa Ulaya, Uingereza iliwalazimisha manahodha na wasaidizi wao wa meli za safari za nje kufanya mtihani kwa sheria ya mwaka 1850. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo kila nchi iliendelea kutoa vyeti kwa kipimo chake yenyewe. Nchi moja ilidai miaka ya kazi baharini, nyingine iliridhika na ada ya fomu. Mwezi Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon, iliyopeperusha bendera ya Liberia, ilipanda mwamba karibu na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Fukwe za Uingereza na Ufaransa zilichafuka. Dunia ikatambua kwamba kosa la mtu mmoja katika chumba cha usukani linaweza kuwaadhibu watu wa nchi nyingine kabisa.

Miongoni mwa matunda ya fundisho hilo ni Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji wa Vyeti na Ulinzi wa Zamu kwa Mabaharia, uliopitishwa London tarehe 7 Julai 1978 na kuanza kutumika tarehe 28 Aprili 1984. Mkataba huo ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995, na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa mara ya kwanza mataifa yalikubaliana juu ya kipimo cha chini ambacho hakuna nchi inayoruhusiwa kushuka chini yake.

Kipimo chenyewe ni hiki. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu ya uongozaji katika meli ya tani 500 au zaidi lazima awe ametimiza miaka 18, awe na afya na macho yaliyothibitishwa na daktari, na awe amesoma: uongozaji kwa nyota na kwa alama za nchi kavu, rada na ramani za kielektroniki, uthabiti wa meli na upakiaji wa shehena, hali ya hewa, mawasiliano ya redio, uzimaji moto, uokoaji na huduma ya kwanza. Lazima azijue kwa moyo Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Juu ya hayo yote, lazima awe amefanya kazi baharini kwa muda usiopungua miezi 12 katika mpango wa mafunzo uliokubaliwa, akijaza daftari la mafunzo ambalo maofisa wa meli hulitia saini. Asiyepitia mpango huo hutakiwa awe na miezi 36. Na katika muda huo, miezi isiyopungua sita iwe ya kulinda zamu katika chumba cha usukani chini ya uangalizi wa nahodha au ofisa mwenye sifa.

Hiyo ni ngazi ya kwanza tu. Ili awe msaidizi mkuu wa nahodha katika meli ya tani 3,000 au zaidi, atahitaji miezi mingine isiyopungua 12 akiwa ofisa wa zamu, pamoja na masomo na mtihani. Ili awe nahodha wa meli kama hiyo atahitaji miezi 36 ya uofisa, au 24 iwapo 12 kati yake aliitumikia akiwa msaidizi mkuu. Na hata akiisha kuupata unahodha, kila baada ya miaka isiyozidi mitano atatakiwa kuthibitisha kwamba bado anafaa. Bahari haishi zinge, walisema wahenga. Basi na mwanafunzi wake haishi kusoma.

Msomaji ataona kwamba ukiondoa masomo, nguzo kubwa ya mkataba huu ni muda wa baharini. Hapo ndipo tatizo letu lilipo.

Kwa upande wa madarasa, taifa halikulala. Mwaka ule ule wa 1978 mkataba ulipopitishwa, Tanzania ilianzisha Dar es Salaam kitengo cha mafunzo ya ubaharia, na kwa sheria ya mwaka 1991 kikawa Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Kenya nao wana chuo chao cha bahari mjini Mombasa. Kijana wa Pangani, Kilwa, Lamu au Mkoani halazimiki tena kuvuka bahari ili afundishwe uthabiti wa meli ni kitu gani.

Lakini darasa halina mawimbi. Kijana akiisha kufaulu masomo huambiwa atafute meli ya kufanyia mazoezi, na meli hiyo haipo. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ziliunda shirika la pamoja la meli za masafa marefu. Shirika hilo halipo tena. Meli zinazobeba karibu shehena yetu yote ya nje ni za wageni, na nafasi za wanafunzi ndani yake hupewa kwanza vijana wa nchi za wenye meli, au wa nchi zilizofanya mapatano nao. Hivyo kijana wetu husimama gatini na vyeti vyake vya darasani, akizihesabu meli zinazoingia na kutoka, na hakuna hata moja inayomchukua. Mwaka hupita, wa pili hupita, elimu huanza kupata kutu. Mwisho huishia kuwa karani wa forodha au dereva wa bodaboda. Kazi hizo ni za halali, nasi hatuzidharau. Tunachosikitikia ni taifa kupanda mbegu na kuiacha ife kwa kukosa maji, tena likiwa limezungukwa na bahari.

Hapa ndipo kishawishi huingia. Palipo na mlango uliofungwa hapakosi mtu wa kuuza ufunguo bandia. Katika nchi nyingi duniani wamekamatwa mabaharia wenye daftari la mafunzo lililojazwa na mtu asiyepata kupanda meli, na mihuri ya safari ambazo hazikufanywa. Kijana anayenunua miezi 12 ya karatasi hudhani amemdanganya mkaguzi. Kwa hakika amewadanganya watu watakaolala usingizi siku atakapokuwa yeye ndiye mwenye zamu.

Gharama ya usukani kushikwa na asiyestahili tunaijua sisi kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Rais John Magufuli alilitangazia taifa kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiyekuwa na mafunzo yanayostahili. Kivuko si meli ya masafa marefu, na sheria zake si zile zile. Lakini maji hayaulizi tani za chombo.

Wala tusijidanganye kwamba cheti halali peke yake kinatosha. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, yenye bendera ya Panama, ilipanda matumbawe ya Mauritius na kumwaga karibu tani 1,000 za mafuta katika bahari hii hii ya Hindi. Meli ilikuwa imesogezwa karibu na nchi kavu ili mabaharia wapate mawimbi ya simu. Mwezi Desemba 2021 mahakama ya Mauritius iliwahukumu nahodha na msaidizi wake kifungo cha miezi 20. Hawa hawakuwa wababaishaji. Walikuwa maofisa kamili. Kilichokosekana ni nidhamu ya zamu, na nidhamu hiyo hujengwa katika ile miezi ya uanafunzi, kijana anapomwona nahodha wake akikataa njia ya mkato. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Tena cheti kina jina la nchi iliyokitoa, na jina hilo likiharibika huharibika kwa wote. Ufilipino ni mfano wa kutosha. Ni moja ya nchi zinazotoa mabaharia wengi kupita zote duniani, lakini kwa miaka mingi, tangu 2006, wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa wakiona kasoro katika mafunzo yake. Ikafika hadi ajira za manahodha na maofisa wapatao 50,000 walio katika meli za bendera za Ulaya zikawa hatarini. Machi 2023 ndipo ilipoamuliwa kwamba vyeti vyake vitaendelea kutambuliwa, baada ya serikali yao kufanya jitihada kubwa za kurekebisha. Ikiwa nchi yenye sifa kama hiyo ilitikisika, je, sisi wenye mabaharia wachache tutastahimili aibu ya vyeti vichache vya kughushi?

Na soko lipo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 na vyama vya kimataifa vya wenye meli ilikadiria kwamba dunia ingehitaji maofisa zaidi wapatao 90,000 kufikia mwaka 2026. Ajira hizo zitakwenda kwa vijana wa mataifa yaliyojiandaa.

Kwa hiyo basi, tunasema haya. Kwanza, nafasi za mafunzo ya baharini zifanywe suala la mapatano ya taifa, zisiachwe kuwa suala la kijana mmoja mmoja na bahati yake. Kampuni ya kigeni inayopata faida kwa kubeba shehena yetu miaka nenda miaka rudi iombwe, na pale sheria inaporuhusu ilazimishwe, kuwachukua wanafunzi wetu wawili watatu kila mwaka. Tunaponunua huduma tuna sauti, tuitumie.

Pili, meli za kigeni zinazopeperusha bendera yetu ziwe za kwanza kubeba wajibu huo. Januari 2018 serikali ililazimika kusimamisha kwa muda usajili wa meli za namna hiyo, baada ya baadhi yake kukamatwa na shehena haramu. Bendera ya taifa isiwe shuka la kumfunika mfanyabiashara. Anayeitaka heshima yake naye awape wana wa nchi mahali pa kujifunzia.

Tatu, Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zikae pamoja zinapozungumza na wenye meli. Pwani ni moja, na mwenye meli anayekataa kijana mmoja wa Tanga huenda akasikiliza akiombwa na nchi mbili.

Nne, wakaguzi na watahini wawe wakali bila upendeleo. Daftari la mafunzo lilinganishwe na kumbukumbu za meli yenyewe, na atakayeuza au kununua muda wa baharini afikishwe mbele ya sheria. Kumwonea huruma mmoja wa hao ni kuwakosea huruma mamia ya abiria.

Kwenu vijana mnaongojea gatini, tunajua kungoja ni kuchungu. Msiuze jina lenu kwa muhuri wa bandia. Na kwenu mlio na dhamana ya mambo ya bahari, kumbukeni kwamba kijana huyo ametimiza sehemu yake: amesoma, amefaulu, na fomu zake zimo mezani mwenu. Mtafutieni meli.