Maji ya kunywa na ya kuoga: hatari tatu, na kinga ya kila moja



Kila mvua zinapoanza, mama na baba wa parokia zetu wanaulizana swali lile lile: maji gani ni mazuri? Mmoja anasema tuchemshe. Mwingine anasema tutie klorini. Mwingine anasema maji ya mvua hayana shida, kwa sababu yanatoka juu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliye nao wote. Upande wetu wa nchi, maji yana hatari tatu zisizofanana. Ya kwanza inaingia kwa kinywa na inaweza kuua kwa siku moja. Ya pili inaingia kwa ngozi na kuumiza mwili kwa miaka. Ya tatu haionekani, haina harufu, na moto hauiondoi. Mtu akitumia kinga ya hatari moja mahali penye hatari nyingine, anabaki wazi huku akidhani amejikinga.

Nchi ya maji mengi

Kongo haikosi maji. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba nchi yetu ina zaidi ya nusu ya maji ya Afrika yaliyo juu ya ardhi. Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kwamba ni watu 26 tu kwa mia waliokuwa wanapata maji salama ya kunywa. Kwa hiyo shida yetu ni njia ambayo maji yanapita kabla ya kufika kwenye kikombe.

Tuangalie Goma. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama chini mara moja, wala hakuna mto wa kuteka. Kwa hiyo Regideso inapandisha maji kutoka Ziwa Kivu kwa pampu, na pampu zinahitaji umeme na mabomba mazima. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu sehemu ya mitambo hiyo na watu karibu nusu milioni wakakosa maji. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ulikatika, robine zikakauka, na familia nyingi zikashuka ziwani na bidoni zao. Ni siku kama hizo ambazo hatari ya kwanza inazingojea.

Hatari ya kwanza: inayoingia kwa kinywa

Kolera, au kipindupindu, imekaa kwetu tangu mwisho wa miaka ya 1970. Goma, Bukavu, Uvira, Fizi na Kalemie, miji na vijiji vya kando ya maziwa, ndiyo makao yake. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, makumi ya maelfu walikufa katika majuma machache, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Mwaka 2017 ugonjwa ulienea katika sehemu kubwa ya Kongo: wagonjwa walizidi 50,000 na waliokufa walizidi 1,000.

Njia yake ni fupi. Kijidudu kinatoka katika choo cha mgonjwa, kinaingia ndani ya maji au chakula, kisha kinaingia kinywani mwa mwingine. Mgonjwa anahara maji yanayofanana na maji ya mchele, mwili unakauka, na asipotibiwa anaweza kufa kwa saa chache.

Utafiti uliofanywa Uvira kwa miaka ya 2009 hadi 2014 unatufundisha jambo kubwa. Watafiti walilinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikatika na hesabu ya wagonjwa waliopokelewa hospitalini. Walikuta kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na kukatika kwa maji. Maana yake ni wazi. Robine ikikauka leo, tusingoje mgonjwa wa kwanza. Tuanze kutibu maji siku hiyo hiyo.

Kinga yake inajulikana. Kuchemsha kunaua vijidudu: maji yakishatokota kwa nguvu dakika moja, yanatosha, kwenye milima mirefu sana tuache dakika tatu. Lakini makala ya kupikia ni ghali, na maji yaliyochemshwa yanachafuka tena tukiingiza mkono au kikombe kichafu. Klorini ni rahisi zaidi, nayo inaendelea kulinda maji ndani ya bidoni. Ila ina masharti yake. Tungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Tusome kipimo, kwa maana kidonge cha lita 20 si kidonge cha lita 5. Maji yenye udongo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu unamaliza nguvu za klorini. Wengine wanamwaga maji wakisikia harufu ya dawa. Harufu ndogo ya klorini inaonyesha kwamba kinga bado ipo.

Mtu akianza kuhara, apewe maji ya chumvi na sukari njiani kuelekea kituo cha afya: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Tusimngojeshe nyumbani kwa maombi peke yake. Tunaweza kuomba tukiwa tunatembea.

Na kwenye msiba wa aliyekufa kwa kolera, mwili uoshwe na watu wa afya, na aliyeugusa asipike chakula cha wafiwa. Ugonjwa umepita mara nyingi kwa njia hiyo ya upendo.

Hatari ya pili: inayoingia kwa ngozi

Kuna watu wanaochemsha kila tone la kunywa, halafu wanaoga na kufua ziwani kila siku. Kolera wanaweza kuiepuka, lakini kichocho, ambacho wauguzi wanakiita bilharzia, hakihitaji kinywa.

Minyoo ya kichocho, ya aina iliyoenea zaidi upande wetu, inakaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Mayai yake yanatoka na choo. Yakifika majini yanaangua, na wadudu wadogo wanaingia ndani ya konokono wa majini. Baadaye konokono anawaachilia tena majini, hasa mchana jua likiwa kali, nao wanatoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache bila yeye kuona jeraha. Kando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Albert ugonjwa huu ni wa zamani. Mtoto anaumwa tumbo, anatoa damu kwenye choo, anadhoofika, na miaka ikipita ini linavimba. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini kesho yake.

Wadudu hao hawaishi muda mrefu wakikosa mwili wa kuingia. Maji yaliyotekwa bila konokono na kuachwa saa 48 katika chombo kilichofunikwa yanafaa kuogea upande wa kichocho. Ni jambo ambalo familia yenye mapipa mawili inaweza kulifanya bila kulipa kitu: pipa moja linangoja, lingine linatumika. Kwa kunywa, maji hayo bado yanahitaji klorini au moto.

Hapa jambo linatugusa sisi wenyewe, kwa kuwa makanisa yetu mengi yanabatiza kwa kuzamisha. Mahali pa ubatizo pachaguliwe kwa busara. Penye majani mengi, maji yaliyotulia na konokono si pazuri, wala karibu na mahali watu wanapojisaidia. Asubuhi na mapema ni afadhali kuliko saa sita. Parokia yenye kisima cha ubatizo kilichojengwa, na kinachojazwa kwa maji ya bomba, ya mvua au yaliyongojeshwa, inawalinda vizuri zaidi wanaobatizwa na mchungaji pia, ambaye anasimama majini muda mrefu kuliko wote.

Hatari ya tatu: ambayo moto hauiondoi

Katika maeneo ya chini ya Nyiragongo na Nyamulagira, kuna watoto wenye meno yaliyoota alama za kahawia. Wengine wanachekwa kwamba hawapigi mswaki. Si hivyo. Moshi wa volkano una madini ya floridi. Mvua inayapokea angani na kuyashusha juu ya mabati yetu, na baadhi ya chemchemi za huko zinatoka nayo ardhini. Floridi kidogo inasaidia meno. Ikizidi, inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi inagusa hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja.

Hapa kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floridi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi. Klorini nayo haiigusi. Kinga ni kupima maji na kuchagua chanzo. Familia ikiwa na vyanzo viwili, kile chenye floridi kidogo kiwekwe kwa watoto wadogo na mama wenye mimba, kingine kibaki cha kufua na kuosha nyumba. Lakini tusiache maji yenye floridi ili kukimbilia maji ya ziwa yasiyotibiwa. Floridi inaharibu polepole. Kolera haingoji.

Parokia inaweza kufanya nini

Hatuwezi kujenga mabomba ya mji mzima, na ni haki yetu kuendelea kuwadai wenye mamlaka kazi hiyo. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu. Komite ya afya ya parokia iandike vyanzo vyote ambavyo waumini wanateka, na kando ya kila kimoja iandike hatari yake: kinywa, ngozi, au madini. Iweke akiba ya klorini kabla ya mvua, na mtu mmoja anayejulikana wa kuigawa siku robine zinapokauka. Iombe eneo la afya lipime floridi kule kwenye volkano. Na kwenye mlango wa kanisa pawe na ndoo yenye robine, maji na sabuni, ikijazwa kila Jumapili na kila siku ya msiba.

Kazi hiyo inaweza kuanza katika kikao kimoja, kwa karatasi moja na swali moja: bidoni iliyo nyumbani kwako leo, ilijazwa wapi?