Kuhamahama kwa Marudio katika Simu za Upepo

Neno "masafa" limetutia mashakani. Mlinzi aambiwaye kwa simu ya upepo "badili masafa" aweza kudhani anatakiwa asogee mbali, hali msemaji alitaka ageuze swichi tu. Maana ya asili ya neno hilo ni umbali. Wanafizikia wana "marudio", yaani idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia kwa sekunde moja, nasi tutalishika hilo, ijapokuwa watangazaji nao wamelitwaa kwa kipindi kinachorushwa mara ya pili.

Simu ya upepo ya kawaida hukaa katika chaneli moja. Aijuaye husikia yote, na mwenye nia mbaya huivuruga kwa makelele. Simu ya dijiti ya kuhamahama huigeuza kwanza sauti kuwa mfuatano wa tarakimu 0 na 1, huukata vipande vipande, kisha hurusha vipande hivyo huku ikihama chaneli hata chaneli. Kanuni za Marekani, kwa vyombo vya chaneli nyembamba katika megahezi 902 hadi 928, zadai chaneli zisizopungua 50, wala chombo kisikae katika moja zaidi ya sekunde 0.4 katika kila sekunde 20. (Kwetu sehemu ya eneo hilo ni ya simu za mkononi, chombo kilichonunuliwa huko hakifai kuwashwa hapa.)

Mpokeaji hufuataje? Simu za kundi moja hukokotoa mfuatano uleule wa chaneli kwa ufunguo mmoja, na saa zao zimelinganishwa. Saa zikiachana, mazungumzo hukatika. Chaneli moja ikivurugwa hupotea kipande tu, na tarakimu za ziada za kusahihisha makosa huweza kukifidia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1942 Hedy Lamarr, mchezaji sinema, na George Antheil, mtunzi wa muziki, walipata hataza Marekani ya kuongoza topido kwa namna hiyo, kwa kutumia karatasi zenye matundu kama za piano ijipigayo yenyewe.

Wengine watapenda "kurukaruka". Mimi silikubali, kwa kuwa chombo hiki hakiendi ovyo kama panzi. Mfugaji ahamahamaye ayajua malisho yajayo, na jamaa zake wajua watakapomkuta. Napendekeza basi "kuhamahama kwa marudio". Asiyeridhika na alete lake. Mlinzi wetu aambiwe "badili chaneli", wala si "badili njia", asije akashika barabara.