Wakala wa Forodha na Kazi Yake Mpakani

Kwetu sisi wa Arua na Koboko mpaka si mstari wa kusoma katika ramani tu. Kutoka Vurra, panapoanza Kongo, hadi Oraba, panapoanza Sudan Kusini, barabara ya lami ni kilometa 92, na miji yetu yote miwili imo njiani humo. Mtu aweza kununua mbao za Kongo asubuhi, akala chakula cha mchana Koboko, na kabla jua halijatua akayatazama malori yaendayo Yei. Ndiyo sababu wengi wetu ni watoto wa wafanya biashara, na baadhi ya wanafunzi wa zamani wamekwisha anza kuagiza bidhaa wenyewe. Basi nimeona yafaa nieleze kazi ya wakala wa forodha mwenye leseni, maana wengi humdhania kuwa mla pesa tu, au humchanganya na wale vijana wanaozunguka mpakani na karatasi mikononi.

Tangu tarehe 1 Januari 2005 nchi za Afrika Mashariki zina umoja wa forodha, na sheria inayoutawala ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Hapa Uganda wanaoisimamia ni Mamlaka ya Mapato, ambayo kila mtu huiita URA. Kwa sheria hiyo mwenye mali aweza kusema na forodha kwa kinywa cha wakala, lakini wakala huyo sharti awe amepewa leseni na Kamishna.

Kazi yake kubwa haionekani kwa macho. Kila kitu duniani, tangu sindano hata trekta, kina namba yake ya forodha. Tarakimu sita za kwanza hufuata utaratibu mmoja wa mataifa ulioanza mwaka 1988, na Jumuiya yetu imeongeza mbili zikawa nane. Namba ndiyo inayotoa kiasi cha ushuru. Kwa kawaida malighafi na mitambo hailipi ushuru wa forodha. Vitu vilivyotengenezwa nusu hulipa asilimia 10. Vitu vilivyokamilika asilimia 25. Na tangu Julai 2022 kuna fungu la asilimia 35 kwa vitu kama viti na makabati. Mkikosea namba, hesabu yote imepotea.

Tuchukue mfano. Mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na nauli na bima, ukiwa katika fungu la asilimia 25, ushuru wake ni 250,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haihesabiwi juu ya milioni moja bali juu ya 1,250,000, nayo ni 225,000. Jumla 475,000, na bado kuna kodi nyingine ndogo. Mfanya biashara asiyejua jambo hili hupanga bei ya kuuzia kabla ya kujua bei ya kununulia.

Sasa tufike penye uzito. Kifungu cha 147 cha sheria ile chasema kwamba wakala anayemtendea kazi mwenye mali huhesabiwa kama mwenye mali mwenyewe, naye hudaiwa ushuru. Lakini deni halimtoki mwenye mali. Na kifungu cha 148 chaongeza kwamba mwenye mali hujibu kwa maneno na matendo ya wakala wake, hata kushitakiwa, ingawa hafungwi gerezani ila ikiwa alilikubali kosa lile. Kwa maneno mengine, unapochagua wakala unachagua mtu wa kutia sahihi kwa mkono wako.

Mwaka juzi mjomba wangu aliagiza vipuri vya pikipiki kupitia Mombasa. Akatokea bwana mmoja mwenye koti zuri na simu mbili, akasema atautoa mzigo kwa nusu ya malipo ya mawakala. Akapokea fedha zote mkononi, za ushuru na za kazi yake. Mzigo ukaandikwa kwa namba isiyo yake na kwa bei iliyo chini ya ile ya ankara. Maofisa walipofungua masanduku, mambo hayakulingana. Bwana yule hakuonekana tena. Mjomba akalipa ushuru, akalipa faini, akalipa na kodi ya ghala kwa kila siku mzigo ulipolala. Ada yangu ya muhula ule ilitoka katika ng'ombe wawili waliouzwa mnadani.

Wakala wa kweli hutambulikana. Jina lake limo katika orodha ya URA, na ofisi ya forodha itakuambia ukiuliza. Hukubali umpe idhini kwa maandishi. Atakupa namba ya malipo iliyotolewa na URA, nawe utakwenda benki kulipa ushuru mwenyewe. Yeye hupokea ujira wake tu, kwa risiti. Mwishowe atakupa nakala ya hati zote, nawe uziweke. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Si kila mtu amhitaji. Mama anayeleta bidhaa zilizotengenezwa katika nchi ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, aweza kupewa cheti chepesi cha asili pale pale mpakani. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, lakini msidhani kwamba kila kitu kitokacho huko ni cha huko. Kitenge kilichofumwa ng'ambo hakigeuki kuwa cha Jumuiya kwa kupitia Aru.

Wengine watasema njia za panya ni fupi zaidi, na watawataja Opec Boys, vijana wa Arua waliojulikana sana kwa kuuza petroli ya magendo katika madumu. Ni kweli wengi walipata riziki hivyo baada ya kurudi kutoka ukimbizini. Lakini petroli huuzwa ikaisha siku ile ile. Duka la vipuri hukaa mahali pake likingoja mkaguzi.

Neno moja la mwisho kwa wenye mizigo njiani: leseni ya wakala huisha tarehe 31 Desemba. Mwezi wa Januari mwombeni awaonyeshe mpya.