Tezi, Omo na Ngama: Kwa Nini Boti ya Kasi Hudunda?

Katika somo la istilahi mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Rumonge aliuliza: "Mwalimu, kwa nini boti ya injini ikiongezwa mwendo kidogo tu, mgongo unaumia mno?" Darasa lilicheka, lakini swali ni la maana. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika, na abiria wa mwambao wetu huyajua mawimbi yake. Makala haya yanakusudia kumjibu.

Chombo kiendacho polepole huelea kwa kuyasukuma maji kando. Boti ya kasi ni tofauti: mwendo wake huifanya ipande na kuteleza juu ya maji. Ikikutana na wimbi hurushwa, kisha tumbo lake huanguka na kuyapiga maji. Pigo hilo hupimwa kwa mchapuko wa wima, yaani jinsi kasi ya kupanda na kushuka inavyobadilika ghafla.

Je, pigo laweza kukadiriwa kabla boti haijaundwa? Naam. Huko Marekani, Gerard Fridsma alivijaribu vielelezo vidogo vya boti katika mawimbi, akatoa matokeo mwaka 1969 na 1971. Mwaka 1976 Daniel Savitsky na P. Ward Brown walitoa kanuni zilizotokana na majaribio hayo. Kwazo tunajifunza mambo matatu, mengine yote yakibaki vilevile:

1. Kasi. Pigo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 40, pigo huongezeka karibu mara 1.8. Hilo ndilo jibu la mwanafunzi wetu.

2. Umbo la tumbo. Tumbo bapa huumiza zaidi. Likiinuka kutoka kwenye mkuku kwa nyuzi 20 badala ya 10, pigo hupungua kwa robo.

3. Mahali pa kukaa. Katika boti ya urefu wa mita 7.6 na upana wa mita 1.9, iendayo kilomita 37 kwa saa, pigo la omo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kwenye kitovu cha uzito.

Kwa hiyo mjamzito au mwenye maradhi ya mgongo asiketishwe omo, yaani mbele, hata kama ndiko kwenye nafasi. Na nahodha akipunguza mwendo, tusimwone mwoga.

Wahenga walisema: "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hii tunaifundisha kila mwaka, lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kuwa tezi ni nyuma ya chombo, na ngama ni pale chini maji yanapokusanyika? Walimu wenzangu, tuwapeleke mwaloni wakawaulize wavuvi wa mukeke na ndagala majina ya sehemu hizo. Huenda istilahi tunazozitafuta vitabuni zimefungwa kamba pale ufukweni.