Usingizi wa Saa Nane Mchana si Uvivu

Kijana anayefanya kazi ofisini Gasorwe, katika eneo la Muyinga kaskazini-mashariki mwa Burundi, anaijua vizuri saa hii. Mapumziko yamekwisha, amerudi mezani, faili iko wazi mbele yake, na herufi zinaanza kucheza. Anausoma mstari uleule mara tatu. Ananyoosha mgongo, anapepesa macho, anatoka kwenda kunawa uso. Mkuu wake akipita, anajikaza asije akadhaniwa kuwa amekesha au hapendi kazi. Mwenzake anamwambia kisa ni ugali wa muhogo na maharage aliyoshiba.

Maelezo yote mawili, ya uvivu na ya shibe, hayafiki kwenye shina la jambo. Usingizi wa saa nane mchana una chanzo chake mwilini, na chanzo hicho kinajulikana. Mtu akikielewa, anaweza kuipanga siku yake ya ofisi ili kazi iende vizuri na yeye mwenyewe asiteseke bure.

Mwili una saa yake

Mwaka 1729, mwanasayansi Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia gizani mmea unaodhaniwa kuwa wa jamii ya kifauongo. Mmea ule uliendelea kufungua majani yake mchana na kuyafunga usiku, ingawa haukuona jua. Ndipo ikaanza kueleweka kwamba kiumbe hai hakisubiri kuambiwa wakati na jua peke yake, bali kinao utaratibu wake wa ndani. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua jinsi jeni zinavyouendesha utaratibu huo ndani ya seli.

Kwa binadamu, saa kuu iko ubongoni, nyuma ya macho, katika fungu dogo la seli za neva zipatazo 20,000. Ikiachwa bila mwanga wa nje, mzunguko wake kwa wastani huzidi saa 24 kwa dakika kumi na kitu. Kwa hiyo kila siku inahitaji kurekebishwa, na kirekebishaji chake kikubwa ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni.

Saa hiyo haifanyi kazi peke yake. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo hamu ya kulala inavyopanda. Saa ya mwili hupambana nayo kwa kutuma ishara ya kutuweka macho, na ishara hiyo hufikia kilele chake jioni. Alasiri ndiyo hatari. Adenosini imekwisha kupanda vya kutosha, ilhali ishara ya kuamsha bado haijashika nguvu. Kijana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akafua, akachota maji na kutembea hadi kazini, ikifika saa nane mchana amekwisha kuwa macho kwa saa tisa. Katika pengo hilo kati ya adenosini na ishara ya kuamsha ndipo macho yanapokuwa mazito.

Chakula kingi huongeza uzito, hilo ni kweli. Lakini watu ambao hawakula kitu mchana nao huupata usingizi huo. Muyinga ina Waislamu wengi, na kila mwezi wa Ramadhani wafanyakazi waliofunga wanaupitia bila kutia tonge mdomoni.

Jua na saa ya ukutani

Upo upande mmoja wa jambo hili ambao watu wa Gasorwe wamejaliwa kuliko wafanyakazi wengi wa ofisini duniani. Dunia imegawanywa katika kanda za saa, na kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja. Burundi hufuata saa mbili mbele ya Greenwich, na mstari wa katikati wa kanda hiyo ni nyuzi 30 mashariki. Mstari huo unapita katikati ya nchi, Gitega ikiwa magharibi kidogo yake na Muyinga mashariki kidogo. Gasorwe iko jirani nao kabisa. Maana yake ni kwamba saa ya ukutani pale inakwenda sambamba na jua. Inaposema saa sita mchana, jua nalo liko karibu na utosi, likitangulia au kuchelewa kwa dakika zisizozidi 20 kulingana na mwezi. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na katikati ya Februari huchomoza dakika chache baada ya saa kumi na mbili. Mwaka mzima tofauti ni hiyo tu.

Ukivuka mpaka wa Kobero ukaingia Kabanga, wilayani Ngara, jua ni lilelile, lakini Tanzania iko saa moja mbele. Hapo jua hufika utosini karibu na saa saba mchana. Hata Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi mashariki, adhuhuri ya jua kwa wastani huja zaidi ya dakika 20 baada ya saa sita.

Hili lina faida ya kweli kwa mwili. Ofisi za serikali Burundi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Kwa mtu wa Gasorwe, wakati huo jua limekwisha kuwaka kwa muda wa saa nzima na zaidi. Akitembea kwa miguu kwenda kazini, macho yake hupata mwanga anaouhitaji ili saa ya mwili ijirekebishe. Nje, hata siku ya mawingu, mwanga unaweza kufika laksi 10,000, na jua likiwaka vizuri unaweza kufika 100,000. Ndani ya ofisi yenye taa nzuri ni laksi 300 hadi 500 tu. Tangu uhaba wa mafuta ulipozidi nchini, wengi hutembea kwa kulazimika, kwa kuwa nauli ya pikipiki imepanda au pikipiki yenyewe haionekani. Ni adha, hasa siku ya mvua na barabara ya tope. Hata hivyo, mwendo ule wa asubuhi katika hewa ya ubaridi ya milimani ni moja ya starehe chache zisizolipiwa, na ndio unaomsaidia mtu kulala kwa wakati usiku unaofuata.

Saa mbili za katikati ya siku

Sheria ya kazi ya Burundi imeweka saa nane kwa siku na saa 40 kwa wiki. Ofisini saa hizo zimegawanywa mafungu mawili: kuanzia saa moja na nusu hadi saa sita, kisha kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja na nusu. Katikati kuna mapumziko ya saa mbili. Jirani zetu hawana kitu kama hicho. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inadai angalau dakika 60 za mapumziko baada ya saa tano za kazi mfululizo, na ofisi nyingi za umma huko hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Rwanda, tangu Januari 2023, huanza saa tatu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni, mapumziko yakiwa saa moja.

Wapo wanaolalamika kwamba saa mbili ni nyingi na zinaichelewesha jioni. Malalamiko hayo yana msingi kwa anayeishi mbali. Hawezi kwenda nyumbani na kurudi, basi hukaa kwenye benchi akiperuzi simu mpaka kengele ya saa nane. Jioni hutoka saa kumi na moja na nusu, jua likizama karibu saa kumi na mbili, na giza humkuta njiani. Lakini kwa upande wa mwili, mapumziko haya yamewekwa mahali pake hasa: jua liko juu, sala ya adhuhuri inaingia ndani yake, na usingizi unakaribia. Ni hazina inayopotea kila siku kwa kutotumiwa.

Kuitumia si kazi ngumu. Kula mapema, kama saa sita na robo, na usishibe kupita kiasi: sahani ya maharage, mboga ya majani na ndizi za kupika inatosha kuliko mlima wa ugali peke yake. Kisha, ikiwa unajisikia mzito, tafuta pembe yenye kivuli, weka simu ikuamshe, na ulale dakika 20. Usizidishe nusu saa. Ukizidisha, ubongo huingia katika usingizi mzito, na ukiamshwa humo utarudi ofisini ukiwa umechanganyikiwa kuliko ulivyotoka. Watafiti wa NASA waliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya kupumzika wakiwa kazini. Kwa wastani walilala dakika 26, na baada ya hapo walikuwa wepesi na waangalifu kuliko wenzao ambao hawakulala.

Si kila mtu anahitaji kulala mchana. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia usingizi wa Wahadza wa Tanzania pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Walilala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Usingizi wa mchana ulionekana katika chini ya asilimia 7 ya siku za majira ya baridi, na chini ya asilimia 22 wakati wa joto. Somo lililopo ni kwamba mwili hujitafutia usingizi wa mchana unapouhitaji. Asiyeuhitaji atembee kivulini, azungumze na wenzake, apumzishe macho.

Chai nayo ina wakati wake. Kikombe cha chai ya maziwa na chapati saa nne asubuhi ni raha ambayo hakuna mtaalamu anayepaswa kumnyima mfanyakazi. Kafeini iliyo katika chai na kahawa huizuia adenosini isifanye kazi yake, lakini haiiondoi. Zaidi ya hayo, inahitaji kama saa tano ili nusu yake itoke mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu ya nguvu zake saa tatu usiku, nawe kesho utaamka umechoka.

Kazi gani, saa gani

Gasorwe ina kambi ya wakimbizi kutoka Kongo iliyofunguliwa mwaka 2002, na wafanyakazi wengi wa ofisini eneo hilo wanahudumia watu wa kambi na wenyeji kwa pamoja. Kutwa nzima wanabadilisha lugha, Kirundi kwa huyu, Kiswahili kwa yule, Kifaransa kwenye ripoti. Kazi ya namna hiyo inachosha ubongo. Herufi moja ikikosewa katika jina la mkimbizi, au tarehe ya kuzaliwa ikiandikwa vingine, mtu huyo anaweza kuzungushwa kwa miezi. Kwa hiyo majina, hesabu na barua zinazohitaji umakini ziwekwe asubuhi. Saa ya kwanza baada ya saa nane iachiwe kazi za kusimama na kutembea: kupeleka mafaili, kupanga makabati, kupokea watu na kuwasikiliza. Mtu aliyesimama akizungumza hasinzii kirahisi kama aliyeinamia jedwali la kompyuta. Umeme nao ukikatika mchana, kazi za mikono ndizo zitakazookoa siku.

Wapo pia wanaoshughulika na Tanzania, kwani mizigo mingi ya Burundi hutoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa Kobero. Hawa wakumbuke hesabu moja. Saa tisa na nusu alasiri ya Tanzania ni saa nane na nusu ya Burundi. Anayerudi kutoka mapumzikoni saa nane amebakiwa na nusu saa tu kuikuta ofisi ya umma ya Tanzania ikiwa wazi. Simu za upande huo zipigwe kabla ya saa sita. Na karibu na mpaka, simu ikishika mnara wa upande wa pili, saa yake huruka mbele kwa dakika 60. Ondoa mpangilio wa saa wa kujibadilisha wenyewe, la sivyo siku moja utafika ofisini saa nzima kabla ya wenzako.

Usiku ndiko siku ya kesho inakotengenezwa. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa amelala kufikia saa nne usiku. Mwanga wa simu usoni saa tano usiku unaiambia saa ya mwili kwamba bado ni jioni, nayo inaamini.

Kwa wakuu wa ofisi, ombi ni dogo. Tengeni chumba kimoja tulivu, au hata mkeka na kivuli cha mti uani, kwa wale ambao hawawezi kwenda nyumbani mchana. Mkimkuta kijana amefumba macho saa saba kasoro robo, mwacheni. Yuko katika mapumziko yake ya halali, na dakika 20 anazolala hapo atazilipa mchana kwa kazi isiyo na makosa.