Jeli ya kutunza maji: mnunuzi apige hesabu kwanza

MKULIMA wa Iguguno, wilayani Mkalama, hulima alizeti au mtama kwa kutegemea mvua za msimu mmoja. Kwa hiyo bidhaa yoyote inayosifiwa kuwa hutunza maji ardhini haikosi wasikilizaji katika mkoa mkavu kama Singida. Mojawapo ni chembechembe za haidrojeli. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kuielewa.

NI KITU GANI?

Haidrojeli ni nyuzi ndogo mno zilizofungamana kama wavu. Zikilowa huvimba na kushika maji bila kuyeyuka. Ndiyo unga ulio ndani ya pampasi za watoto. Katika maji safi, aina nyingine hunyonya mara mia kadhaa ya uzito wake. Katika maji ya chumvi uwezo huo hushuka sana. Jaribio lake ni rahisi: chembe kiasi kilekile ziwekwe katika glasi mbili, moja ya maji safi na nyingine ya maji ya chumvi, kisha zilinganishwe.

HOSPITALINI

Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini za macho za haidrojeli kwa mtambo aliouunda nyumbani kwake. Siku hizi jeli hiyo hufunikia vidonda vya moto na vidonda vikavu, kwani hupoza na kuzuia kidonda kisikauke. Kidonda kinachotoa majimaji mengi huhitaji bandeji ya aina nyingine.

HESABU YA SHAMBA

Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000. Sasa tuseme mkulima ametawanya kilo 10 za jeli katika ekari hiyo, na kila kilo inashika lita 200. Jumla ni lita 2,000, yaani mapipa 10, sawa na nusu milimita ya mvua. Ni kweli kwamba jeli hujaa tena kila inyeshapo, lakini haileti mvua. Ikikauka kwa wiki kadhaa, akiba hiyo huisha.

Faida huonekana pale maji yanapohitajika mahali padogo: kitalu cha miche, au shimo la mti wa matunda. Hapo gramu chache humsaidia mkulima kupunguza safari za kumwagilia.

USHAURI WA SOKO

Mnunuzi aulize mambo matatu: jeli hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kilimo au ni unga wa pampasi, ambao una sodiamu isiyofaa udongo, hudumu misimu mingapi, na inashika maji kiasi gani katika maji ya kisima chake mwenyewe. Kwa shamba zima la alizeti, samadi na matuta ya kukinga maji ndiyo ya kutangulizwa, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na samadi hurutubisha udongo pia.